Mchoraji Huondoka, Mchorwa Hubaki

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: mtu anayechora au kuandika jasho la mwenzake anadaiwa nini?

Mwaka 1885, katika kijiji cha Nuenen, Uholanzi, Vincent van Gogh alichora wakulima watano wakila viazi chini ya taa. Hakuwapamba. Alitaka tuone kwamba mikono inayochukua viazi sahanini ndiyo hiyohiyo iliyochimba udongo. Safi kabisa. Lakini mmoja wa waliochorwa, Gordina de Groot, akapata mimba bila ndoa. Kijiji kikamnyooshea kidole mchoraji, yeye akakana. Padri akawakataza waumini wake kuchorwa. Novemba mwaka huohuo Van Gogh akahamia Antwerp. Gordina akabaki na umbeya wa kijiji. Leo picha ile iko kwenye makumbusho Amsterdam, na watu wanakata tiketi kuiona.

Sasa tuje kwetu Tarime. Huko Nyamongo, kandokando ya mgodi wa North Mara, wapo vijana wanaoingia kwenye mawe ya taka kutafuta yenye dhahabu, na akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo. Mwandishi akiwaona, kalamu inamwasha. Aandike? Jamani, aandike! Tukinyamaza wataitwa "wavamizi" tu, basi. Lakini ukitaja jina la kijana, kovu lake la shavuni na njia anayopita usiku, hapo hujaandika uhalisia, umeandika hati ya mashitaka. Wewe utapanda basi kwenda Mwanza. Yeye atabaki akikimbizana na polisi.

Wapo watakaosema kuficha ni kudanganya. Mimi sikubali. Shafi Adam Shafi, katika *Kuli* (1979), aliandika mgomo wa kweli wa makuli wa Zanzibar, ule wa 1948, lakini akamtwisha mzigo huo mhusika wa kubuni, Rashidi. Jina ni la kubuni. Maumivu ya mgongo si ya kubuni.

Kwa hiyo madeni yetu ni mawili: tusiipambe kazi, na tusimwuze mfanyakazi. Nyundo, vumbi, malengelenge ya viganja, vyote viandikwe kama vilivyo. Sura ni mali ya mwenyewe, akikataa, amekataa. Akikubali, msomee ulichoandika kabla mhariri hajakiona. Akisema, "Hapa umenipaka matope," futa.

Je, wewe mwenzangu unaonaje?