Kitabu Mkononi mwa Mtoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 6:4–9, Mit. 18:13, 17, Mwa. 9:12–17, Mdo. 19:18–20, Yer. 36:20–26, Mwa. 25:27–29, Mt. 18:1–6.

Fungu la Kukariri: Mathayo 18:5.

Mwezi Februari 2023, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kwamba vitabu 16 visitumike tena katika shule zetu, za serikali na za binafsi, kwa kuwa vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya Mtanzania. Vilivyotajwa sana ni vile vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vya Jeff Kinney wa Marekani. Katika orodha vilikuwemo pia vitabu vinavyowaeleza watoto habari za watu waliobadili jinsi na za mapenzi ya jinsia moja. Wazazi walihimizwa kukagua mabegi ya watoto wao.

Sabato iliyofuata nilikuwa katika kanisa moja hapa uwanda wa Ufipa. Jambo hilo lilizungumzwa kabla hata ya kisa cha utume, na lilizungumzwa kwa sauti kubwa. Juma hili tutajifunza namna ya kulizungumza upya, kwa sauti ya chini kidogo, Biblia ikiwa wazi.

JUMAPILI
Mazungumzo ya Jikoni

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Musa anawataka wazazi wawafundishe watoto wakati gani, na mahali gani?

Angalia kwamba Musa hakuanza na shule, wala na hekalu, ambalo lilikuwa bado halijajengwa. Alianza na nyumba na njia: mnapoketi, mnapotembea, mnapolala, mnapoamka. Sisi wa Ufipa tunamwelewa upesi. Mwezi wa sita na wa saba, upepo unaposhuka kutoka milima ya Mbizi, hakuna mtu anayekaa nje baada ya jua kuzama. Watoto wote wako jikoni kuzunguka moto, maharage yako juu ya mafiga, na saa mbili nzima zipo pale za kusema nao.

Lakini ni wangapi wanaozitumia? Baba mmoja aliniambia kwa fahari kwamba tangu tangazo lile anakagua begi la mwanawe kila jioni. Nikamuuliza ni kitabu gani amesoma pamoja na mtoto huyo mwaka huu. Akacheka, kisha akanyamaza. Kukagua begi si kosa, mzazi ana haki hiyo na wajibu huo. Ila agizo la Musa ni kusema na mtoto, na hilo halitimizwi kwa kufungua zipu.

JUMATATU
Kujibu Kabla ya Kusikia

Soma Mithali 18:13 na 17. Ni aibu gani humpata mtu atoaye hukumu kabla ya kusikiliza?

Katika darasa la watu wazima niliuliza ni nani amewahi kusoma kitabu hata kimoja katika vile 16. Hakuna aliyenyoosha mkono, na mimi mwenyewe nilikuwa sijasoma. Baadaye nilitafuta kimoja cha Kinney. Ni shajara ya mvulana wa shule, mvivu na mtukutu, yenye vikatuni kila ukurasa. Nisingempa mwanangu amfanye huyo kielelezo, maana hamheshimu mtu. Lakini nilichokuwa nimekisema juu ya kitabu hicho mbele ya watu hakikuwemo ndani yake. Tunajua amri ya tisa inasema nini kuhusu ushuhuda wa namna hiyo, nami sioni kwamba inabadilika kwa kuwa tunayemshuhudia ni kitabu, au mwandishi aliye mbali.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi kwangu. Mwezi uliofuata niliitwa na kanisa lililokuwa limepokea maboksi mawili ya vitabu vya picha vilivyokwisha kutumika, kutoka kwa marafiki wa Ulaya. Kimojawapo kilionyesha mtoto mezani pamoja na wanaume wawili, na maandishi yakasema wote wawili ni baba zake. Mwalimu wa darasa la watoto alikiona, akakiweka kando, akaleta swali kwa wazee wa kanisa. Alifanya vema. Mimi ndiye niliyefanya vibaya. Nilikuwa na safari ya kwenda Laela na gari lilikuwa likinisubiri. Nikauliza tu kama viko vingine vya namna hiyo. Shemasi mmoja akajibu kwamba vingi vina upinde wa mvua kwenye jalada. Nikasema vyote vyenye upinde vichomwe. Vikachomwa nyuma ya kanisa.

Nilipopita tena, yule mwalimu aliniletea kipande cha jalada kilichobaki majivuni. Palionekana shingo ya twiga na ubavu wa safina. Kilikuwa kitabu cha Nuhu. Alisema vilikuwemo pia cha rangi, na cha kuhesabu mpaka kumi. Darasa lake lilikuwa na watoto 34, na kabla ya maboksi yale halikuwa na kitabu cha picha hata kimoja. Hakunilaumu. Alisema, “Mzee, upinde ule si Mungu ndiye aliyeuweka?”

Soma Mwanzo 9:12–17.

JUMANNE
Mioto Miwili

Linganisha Matendo 19:18–20 na Yeremia 36:20–26. Nani alichoma, na alichoma vitabu vya nani?

Wazee hulifasiri jina la mji wetu, Sumbawanga, kuwa ni “tupa uchawi”. Kwa hiyo habari ya Efeso inatugusa kwa karibu. Watu waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao, wakavichoma mbele ya wote, na thamani yake ilipohesabiwa ilifika vipande 50,000 vya fedha. Tumeihubiri mara nyingi. Lakini tazama vizuri: walileta vyao wenyewe. Walivijua, kwa maana walikuwa wamevitumia, na walilipa gharama kutoka mifukoni mwao. Luka haandiki kwamba Paulo aliingia katika nyumba za watu kupekua.

Moto wa pili ni wa mfalme Yehoyakimu. Yeye aliketi katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yakiwaka mbele yake, akakikata kitabu cha Yeremia kwa kisu kidogo, kurasa tatu, kurasa nne, akakitupa motoni. Alichoma alichosomewa kwa sababu hakukipenda. Sisi, katika kisa cha jana, hatukuwa watu wa Efeso. Sithubutu kusema tulikuwa Yehoyakimu, ingawa yeye angalau alisikiliza kidogo kabla ya kukata.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Mwaka 2014 maktaba ya taifa ya Singapore iliamua kukiteketeza And Tango Makes Three, kitabu cha picha cha mwaka 2005 kuhusu penguini wawili wa kiume waliolea kifaranga katika bustani ya wanyama ya New York. Wazazi wengine waliunga mkono, wengine wakapinga, na mwishowe kitabu kikahamishiwa sehemu ya watu wazima, ili mzazi akitakaye akichukue mwenyewe. Si lazima tukubaliane na kitabu hicho ili tuone kwamba kati ya rafu ya watoto na moto ipo nafasi ya kufikiri.

JUMATANO
Ukaguzi Ulipohama

Soma Mathayo 18:1–6. Yesu alimweka nani katikati, na alitoa onyo kwa nani?

Katika kanisa lile la Sabato ya kwanza alikuwako mvulana wa miaka tisa hivi, mdogo kwa dada zake wote. Sauti yake ni laini. Anajua kusuka nywele, anapenda kupika, na mpira haumvutii. Hajawahi kuona kitabu chochote kati ya vile 16. Siku ile, baada ya mazungumzo yetu, watoto wenzake walianza kumwita kwa jina ambalo walikuwa wamelisikia kwetu asubuhi hiyohiyo. Sitaliandika hapa. Sabato ya pili hakuja, wala ya tatu.

Mama yake nilikutana naye sokoni. Aliniamkia kwa heshima kama kawaida, kisha akasema: “Mzee, mlipokuwa mnasema habari za vitabu, watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka mbele yenu.”

Tulikuwa tunawalinda watoto, nao walikuwa wanatusikiliza.

Soma Mwanzo 25:27–29. Esau alikuwa mtu wa nyikani, mwenye upinde na nywele nyingi. Yakobo alikuwa mtulivu, wa kukaa hemani, na siku ile alikuwa akipika dengu. Biblia inamlaumu Yakobo kwa mambo kadhaa, hasa hila, lakini haimlaumu kwa chungu kile. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwapikia wanafunzi samaki juu ya makaa ufuoni (Yoh. 21:9–13). Mafundi cherehani wa barazani hapa mjini ni wanaume, na hakuna anayewauliza kitu. Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, hilo tunalisimamia bila kuyumba. Kwamba mwiko ni mwiko kwa mwanamume, hilo tumejitungia wenyewe.

Kanisa letu limeeleza imani yake kuhusu ndoa katika tamko la mwaka 1999, lililorekebishwa 2012: ndoa ni ya mume na mke, kama ilivyokuwa Edeni. Mwaka 2017 likatoa tamko jingine kuhusu watu wanaojiona kuwa wa jinsi nyingine. Wengi wetu tunakumbuka nusu moja tu ya maandiko hayo. Nusu nyingine inasema kwamba kila mtu ana thamani mbele za Mungu, na kwamba dhihaka, unyanyasaji na uonevu dhidi ya watu hao havipatani na amri ya upendo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu mzima aliyechagua njia tusiyoikubali, je, kwa mtoto wa miaka tisa anayesuka nywele za dada zake?

Na mkoa wetu unajua mtoto aliye tofauti anaweza kufikwa na nini watu wazima wanapoanza kunong’ona. Mwaka 2015, hapahapa Rukwa, mtoto mdogo mwenye ualbino alikatwa mkono. Sisemi mambo haya ni sawa. Nasema hakuna aliyeanza na panga. Kwanza yalikuwako maneno.

Mzee wa kanisa nami tulikwenda nyumbani kwao. Mara ya kwanza kijana alijificha. Mara ya pili tulimkuta anachambua maharage, tukakaa chini tukachambua naye, na sikusema neno lolote la mafundisho, jambo ambalo kwangu si rahisi. Sasa huja, lakini alasiri tu, wakati wa kwaya, na hukaa karibu na mlango.

ALHAMISI
Mtoto Anapouliza

Katika maboksi yale kilibaki kitabu chenye picha ya wanawake wawili na mtoto mchanga. Msichana wa darasa la pili alikuwa amekiona kabla yetu. Mwalimu alimuuliza hawa ni nani. Akajibu bila kusita, “Mama na mama mdogo.” Kwa mtoto wa Kifipa mwenye baba wakubwa na mama wadogo nyumba nzima, picha ile haikuwa na shida yoyote. Mwalimu mwenye haraka angeanza kumweleza asichouliza. Huyu alisema, “Haya, fungua ukurasa mwingine.”

Lakini wengine watauliza, hasa wenye simu nyumbani. Hapo tusidanganye, na tusipige kelele. Mtoto anaweza kuambiwa kwamba ziko nyumba za namna hiyo duniani, kwamba sisi tunaamini Mungu aliweka ndoa kati ya mume na mke (Mwa. 2:24), na kwamba watu wa nyumba zile, na watoto wao, hatuwacheki. Sentensi tatu zinatosha. Akitaka ya nne ataiomba.

Tuwe waangalifu pia tunapofundisha juu ya “familia kamili”. Nusu ya darasa huenda wanalelewa na bibi.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ellen G. White, kitabu cha Elimu (1903), ambamo anaeleza kwamba kazi ya elimu ya kweli ni kuwafanya vijana wawe watu wa kufikiri wenyewe badala ya kurudia tu mawazo ya wengine. Dada White pia aliwaonya wazazi sana juu ya hadithi zisizofaa. Mambo hayo mawili yasomwe pamoja.

Yule mwalimu wa watoto 34 amekwisha kutengeneza vitabu vitatu kwa makaratasi ya manila na picha za kalenda za zamani. Cha kwanza ni cha Nuhu. Upinde aliuchora mwenyewe, rangi zote saba, ukurasa mzima.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kanisa lenu ni nani anayesoma vitabu vya watoto kabla havijagawiwa, na ana muda gani wa kuvisoma?

2. Mzazi asiyejua Kiingereza atakaguaje kitabu cha Kiingereza? Darasa linaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?

3. Kumbukeni mazungumzo ya Sabato tatu zilizopita. Ni maneno gani yaliyosemwa watoto wakiwa wamekaa mbele yenu?

4. Ni mtoto gani aliyeacha kuja darasani mwaka huu, na ni nani aliyekwenda nyumbani kwao?