Uimara wa Mji Hupimwaje?

Mji hupimwa kwa njia nyingi. Mhandisi huupima kwa upana wa mifereji na kina cha misingi. Mtunza hazina huupima kwa fedha iwezayo kurudisha kilichobomoka. Vipimo hivyo ni vya haki, lakini mafuriko ya Desemba 2011 katika Dar es Salaam yalizusha swali ambalo havikuweza kulijibu.

Mvua ile ilikuwa kubwa kuliko zote zilizonyesha mjini tangu 1954. Mto Msimbazi ulifurika bondeni, na watu wapatao 40 walipoteza maisha. Serikali iliwapa waliookoka viwanja Mabwepande, wilaya ya Kinondoni, kiasi cha kilometa 30 kutoka katikati ya mji. Hata hivyo, si wote waliodumu huko. Wengine walirudi bondeni, wakaitwa wapumbavu.

Je, jina hilo liliwastahili? Mama auzaye vitumbua Kigogo alfajiri ana wateja wamjuao, ana jirani amkopeshaye unga, na Kariakoo aweza kuifika kwa miguu. Kiwanja cha mbali humwondolea mafuriko yajayo mara chache, kikamletea nauli ya kila siku. Humkimbia adui wa kila siku, akamrudia adui wa msimu. Hesabu hiyo yaweza kuwa na kosa, maana maji hayamhurumii mtoto aliyelala. Lakini ni hesabu, nayo haikufanywa kwa uvivu wa akili.

Lakini iko hatari ya upande wa pili. Husemwa kwamba maskini ni wastahimilivu, kwamba huzoea shida na kusaidiana. Sifa hii ni tamu, hasa kinywani mwa asiyelala bondeni, nayo humpunguzia mwenye wajibu deni lake. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, wilaya ya Temeke, likaua watu zaidi ya 20. Ujirani mwema gani ungaliweza kulizuia?

Kuanzia 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wenyeji walipita mitaani wakichora nyumba, mifereji na mipaka ya mafuriko. Mwenyeji aliyekuwa akihesabiwa tu sasa akaulizwa maji yalifika wapi. Swali la pili, ambalo ramani haina rangi yake, ni atakula nini huko atakakohamishiwa.