Mkanda wa Taimingi Haukazwi kwa Ubavu

Paliondokea mwenye Haisi mmoja wa Mbagala, mtu wa kubana matumizi. Gari lake lilikuwa la dizeli, injini ya Toyota 5L, ile ya lita 3. Taa ya T-BELT ilipowaka kwenye dashibodi, alijua maana yake: kilomita 100,000 zimetimia, mkanda wa taimingi ubadilishwe. Akaenda Kariakoo kununua mkanda, akarudi kuifanya kazi uani kwake. Mpwa wake, kijana aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari, akaja kumshikia spana.

"Mjomba, mbona tenshena na springi yake hukununua?"

"Hizi bado nzima. Pesa haziokotwi."

Mkanda ukavishwa. Alama za pulii ya krenki, ya kemshafti na ya pampu ya dizeli zote zikakaa mahali pake. Kijana akangoja mjomba ailegeze boliti ya tenshena ili springi iuvute mkanda yenyewe. Mjomba akachukua mtaimbo, akaisukuma tenshena kwa uzito wake wote, kisha akakaza boliti. Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Haukubonyea hata kidogo. Akaridhika.

"Umekaza mno, mjomba. Springi ndiyo kipimo. Halafu krenki izungushwe kwa mkono kwanza, ndipo tukaze."

"Mkanda ukilegea, unaruka meno. Ukikaza, utaruka nini?"

Kijana akanyamaza, mkubwa habishiwi mara mbili.

Gari likawaka mara ya kwanza, likarudi njiani. Lakini lilikuwa na mlio mwembamba uliopanda kila dereva alipokanyaga mafuta. Dereva akasema, akajibiwa kuwa mkanda mpya haukosi kulia. Baada ya majuma machache mlio ukageuka mkwaruzo. Kisha siku moja, abiria wamejaa mpaka mlangoni, injini ikazimika ghafla na haikuwaka tena.

Kifuniko kilipofunguliwa, beringi ya tenshena ilikuwa imeganda, chuma kimegeuka buluu kwa moto. Pulii ilikuwa imeacha kuzunguka, mkanda ukasagika juu yake hadi ukakatika. Hedi iliposhushwa, valvu zilikuwa zimepinda, na juu ya kila pistoni pamechongwa alama ya mwezi mchanga, pale valvu ilipogonga. Bei ya tenshena moja iliyookolewa ikalipiwa kwa valvu mpya, gasketi ya hedi, ujira wa fundi na siku nyingi ambazo gari halikuleta hesabu.

Swali la mjomba lilikuwa na jibu. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hauruki meno, bali huielemea beringi mpaka ife, na beringi ikifa mkanda nao hufa. Injini ya dizeli kama hii hubana hewa zaidi ya mara 20, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo sana. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde moja, na mkanda ndio unaozipisha valvu na pistoni zisikutane. Ukilegea ukaruka, au ukikazwa ukakatika, zinazopinda ni valvu zilezile.

Basi anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani kwenye injini yenye tenshena ya springi kama hii, ashike haya. Afanye kazi injini ikiwa baridi, maana ikipata moto chuma hutanuka na mkanda huongezeka kukaza. Abadilishe mkanda pamoja na tenshena na springi yake. Akishalinganisha alama, ailegeze boliti ya tenshena na kuiachia springi ivute. Mtaimbo ukae mbali. Kisha aweke spana kwenye boliti ya krenki, aizungushe injini kwa mkono mizunguko 2 kamili, upande uleule injini inakozungukia, wala asiirudishe nyuma. Mkono ukigota, asimame hapohapo atafute sababu. Asithubutu kupiga stata kujaribu bahati. Alama zikirudi palepale, ndipo akaze boliti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini. Zikipishana hata jino moja, avue mkanda aanze upya.

Tena asichukue utaratibu wa injini moja akaupeleka kwenye nyingine. Zipo zenye tenshena ya mafuta inayozuiwa kwa pini, na zipo ambazo mkanda wake huzungusha wota pampu pia. Hata ule mtindo wa kuupinda mkanda kwa vidole ili kupima ukazo haufai kila mahali.

Kuuliza si ujinga, hata anayeulizwa akiwa mdogo. Kama huna kitabu cha injini yako wala mtu anayeijua, usikifungue kifuniko cha taimingi. Mpelekee fundi, na gari likilia baada ya kazi, lirudishe siku hiyohiyo.