Kamba Haiponyi: Mafundisho ya Siku ya Mtakatifu Luka



Kila tarehe 18 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Luka Mwinjilisti, aliyekuwa tabibu, na siku hiyo twawaombea wagonjwa na wote wanaowauguza. Tukitaja wagonjwa, mawazo yetu huwaendea wenye homa, wenye vidonda, na mama walio katika uchungu wa kuzaa. Lakini wako wagonjwa ambao majina yao hayaletwi madhabahuni, kwa kuwa jamaa zao waona haya. Hao ni wale waliofungwa na pombe, na bangi au unga, na tena akili zao zimechafuka. Hawako mbali nasi. Wako Handeni na Korogwe, vijijini, kwenye kambi za mkonge na kando ya stendi za mabasi.

Tusome Injili ya Marko, sura ya 5. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi alikaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Watu wake walikuwa wamekwisha kumfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye akaikata yote. Angalieni basi: dawa yao ilikuwa mnyororo tu, na mnyororo ulishindwa. Bwana Yesu alipofika hakuomba mnyororo ulio mgumu zaidi. Alisema na mtu yule, akamwuliza jina lake.

Tujifunze mambo manne.

Kwanza, magonjwa haya mara nyingi huwa mawili yaliyoshikana. Mmoja husikia sauti asizozisikia mwingine, akanywa gongo ili azinyamazishe. Mwingine alianza bangi angali kijana, na sauti zikaja baadaye. Wa tatu amelemewa na huzuni hata hapati usingizi, akautafuta usingizi katika chupa. Miaka ikipita, jamaa hubishana ni kipi kilichotangulia, ulevi au wazimu; na huku wakibishana mgonjwa anazama. Mtumbwi wenye matundu mawili hauokoki kwa kuzibwa moja. Ndiyo sababu yafaa mgonjwa wa namna hii aonwe na watu wa hospitali, wapate kupima yote mawili na kuyatibu pamoja. Tena watapima na mengine, kama malaria iliyopanda kichwani, upungufu wa sukari, au jeraha la kichwa, ambayo nayo huweza kumvuruga mtu akili.

Pili, kwenda hospitali si kupungukiwa na imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba Mungu ndiye aliyemwumba tabibu na kuzitoa dawa katika ardhi. Amwambia mgonjwa kwanza asali na kutubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Hayo mawili hayagombani. Padri aje ampake mgonjwa mafuta, kama afundishavyo Yakobo. Na mgonjwa anywe dawa yake.

Hapa yatupasa kusema wazi, maana roho za watu zimo hatarini. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akizuiwa ghafula, huweza kufa. Katika siku chache za kwanza mikono hutetemeka, jasho humtoka, huona vitu visivyokuwapo, na wengine huanguka kifafa. Kama amefungwa chumbani, au amelazwa penye mkesha wa maombi bila mwuguzi, walio karibu husema ni pepo anayekataa kutoka. Kumbe ni mwili uliozoea pombe unaolia. Hospitalini hupewa dawa ya kumtuliza, inayopunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1 ya kukinga ubongo wake. Basi asiwepo Mkristo atakayemwachisha pombe mtu wa namna hiyo kwa kamba.

Kwa wale wanaotumia unga iko dawa iitwayo methadoni. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikafika Hospitali ya Bombo, Tanga. Haiponyi ulevi wa pombe wala wa bangi. Tena hunywewa kila siku mbele ya mwuguzi, na kutoka Handeni hadi Tanga si safari ya kila asubuhi. Kwa hiyo mwenye ndugu Tanga, aliye tayari kumlaza kijana wa mtu mwingine nyumbani kwake, anatoa sadaka kubwa kuliko anavyodhani.

Tatu, tukumbuke tulikotoka. Juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, iko Hospitali ya Lutindi ya ndugu zetu Walutheri. Mahali pale palianzishwa mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya zamani sana katika Afrika Mashariki. Huko wagonjwa hutibiwa kwa dawa na kwa kazi za mikono, maana kazi nayo humrudishia mtu heshima yake. Nasi Waanglikana tunayo kumbukumbu kama hiyo. Kanisa Kuu la Zanzibar, ambayo zamani ilikuwa dayosisi moja nasi, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa. Je, Kanisa lililoweka madhabahu pale watu walipouzwa wakiwa wamefungwa, laweza kunyamaza mtu akifungwa kamba nyuma ya nyumba ya Mkristo?

Nne, kurudi nyumbani ni kazi. Wagerasi walipomwona mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu, hawakufurahi. Walihesabu nguruwe wao waliokufa, wapatao 2,000, wakamsihi Yesu aondoke. Kupona kwa mtu mmoja kulikuwa na gharama, nao hawakuitaka. Hata hivyo Bwana alimrudisha mtu yule kwa watu haohao, ingawa mwenyewe aliomba kumfuata.

Basi mgonjwa wetu akirudi, tumpokeeje? Tusimwite chizi wala teja. Tumwite kwa jina lake la ubatizo. Tusiseme, "Amepona, aache dawa sasa," maana wengi hurudiwa na ugonjwa kwa sababu hiyo. Daktari ndiye atakayesema. Tusimpe pombe harusini wala matangani, hata kwa kuonja. Aliyeacha unga muda, akirudia kipimo chake cha zamani, huweza kufa kwa mara hiyo moja. Tusimwache peke yake siku za majaribu. Na akianguka tena, tusikate tamaa. Wenye ugonjwa wa namna hii wengi hupona kwa kuanguka na kuinuka, kama mtoto ajifunzapo kutembea. Mezani pa Bwana, anayeogopa divai na apokee Mkate tu bila haya. Kanisa lafundisha kwamba Kristo yumo mzima katika kila kimoja.

Wazee wa Kanisa na akina mama wa Umoja, kazi hii ni yenu pamoja nasi. Mkisikia nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, msingoje kuitwa. Aanze zahanati, au hospitali iliyo karibu, Kwa Mkono, Handeni mjini au Magunga, na huko watasema kama apelekwe mbele. Mmoja amsindikize, wengine wachange nauli, wengine wapalilie shamba la mama yake mpaka arudi. Yule Msamaria hakuishia kufunga jeraha. Alilipa gharama ya nyumba ya wageni, akaahidi kurudi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemwuliza jina mtu aliyeachwa makaburini, uwatazame watumishi wako waliofungwa na ulevi na waliovurugika akili. Uwape matabibu hekima, wauguzi subira, na jamaa zao moyo usiochoka. Utufundishe kufungua kamba, na kuwapokea nyumbani wale unaowarudisha kwetu. Uliye hai na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.