Panya, Hofu na Utu

Katika lugha yetu panya hana sifa njema. Mtu anayetudhuru huku akijionyesha mwema twasema huuma na kupuliza, mfano uliotoka kwa panya, ambaye yasemekana huutafuna unyayo wa aliyelala huku akiupulizia ili asiamke. Vichochoro vya magendo mipakani huitwa njia za panya. Na magenge ya vijana yaliyowavamia wakazi wa Dar es Salaam katika miaka ya 2010 yalijulikana kwa jina la Panya Road.

Hukumu hiyo haikuzuka bure. Mkulima wa Morogoro apandaye mahindi leo huweza kukuta kesho mbegu zimefukuliwa shimo kwa shimo. Panya shamba hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na kwa uzao mmoja huweza kuzaa watoto kumi na zaidi. Mvua iliyo njema kwa mkulima ni njema kwake pia. Tena iko tauni. Wilayani Lushoto maradhi hayo yalizuka mwaka 1980 yakawasumbua watu kwa miaka mingi. Mama aliyemzika mwanawe kwa tauni hatuwezi kumhubiria huruma kwa panya, wala hatukusudii.

Hata hivyo, hofu isiyo na maarifa humpoteza mwenye nayo. Mwaka 1894, huko Hong Kong, Alexandre Yersin alikigundua kijidudu cha tauni. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba anayeuhamisha ugonjwa kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni kiroboto. Panya naye huugua tauni akafa. Akifa, viroboto humhama wakatafuta damu nyingine iliyo karibu. Ndiyo maana wataalamu wa afya huagiza viroboto waangamizwe kwanza, ndipo panya. Mwenye nyumba anayewaua panya kwa ghadhabu katika siku za maradhi huenda anawafungulia viroboto mlango wa chumba cha watoto wake.

Lakini linalotusumbua hasa ni jambo jingine. Nani kati yetu hajapata kuona watoto wamemnasa panya, wakammwagia mafuta ya taa, wakamtia moto na kumwachia akimbie, na wakubwa wakisimama kando wakicheka? (Kwamba panya huyo aweza kukimbilia paa la makuti, hilo nalo husahauliwa.) Mateso hayo hayaokoi hata punje moja ya mahindi. Kumwua panya ni haja. Kumtesa ni mchezo, na mchezo huo humfundisha mtoto kwamba aliyekwisha kuitwa adui hana maumivu ya kuhesabiwa. Katika miji yetu mwizi wa kuku amepata kuchomwa moto na umati, mchana, mbele ya watoto hao hao. Hatusemi kwamba kila aliyemchoma panya atamchoma mtu. Twasema tu kwamba udhuru unaotolewa ni mmoja: "Ni panya tu." "Ni mwizi tu." Walioumizwa na magenge wana haki ya kudai ulinzi na sheria, jina la mnyama halikuwaongezea hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Morogoro hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na hulipwa kwa ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi hiyo Kambodia na kutunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Panya buku si panya wa darini. Ni jamii nyingine. Twamtaja kwa kuwa wapo Watanzania waliokwisha kumtazama kiumbe wa namna hiyo kwa subira, wakaona anachoweza.

Panya wa nyumbani tumemkaribisha wenyewe kwa makombo, kwa majani marefu uani na kwa magunia yaliyolazwa sakafuni. Kihenge kilichoinuliwa juu ya nguzo zilizovikwa bati humzuia bila kelele. Akiingia hata hivyo, na atumiwe mtego uuao mara moja. Na bundi aliaye juu ya paa usiku, tunayemfukuza kwa mawe tukidhani ameleta msiba, mara nyingi amemfuata panya yule yule.