Kimya cha Mwenye Mali Si Ruhusa

Alec Peters wa Marekani alikuwa kwa miaka mingi mpenzi wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, hata akawa mkusanyaji wa mavazi na vifaa vya maigizo ya aina hiyo. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomfikisha mahakamani, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa kila shabiki mwenye simu, kamera na wafuasi.

Mashabiki wa Star Trek wana sababu ya kujiona wenyeji. Kituo cha NBC kilianza kuirusha mwaka 1966, na tetesi zilipoenea kwamba itaondolewa hewani, Bjo Trimble na mumewe John waliwahamasisha watazamaji waandike barua. Barua zikamiminika, na mwaka 1968 NBC ikatangaza kwamba mfululizo utaendelea. Ulisimamishwa mwaka uliofuata, lakini watu walikwisha kuonja nguvu yao. Intaneti na kamera za bei nafuu zilipokuja, wakaacha kuandika barua, wakaanza kutengeneza vipindi vyao wenyewe. Kuanzia mwaka 2004, James Cawley wa jimbo la New York aliviweka vyake mtandaoni, na hata waigizaji wa awali, Walter Koenig na George Takei, wakaenda kuigiza kwake.

Wenye hakimiliki walikuwa wakiona. Hawakuandika kibali wala katazo. Kilichokuwapo ni mazoea tu: maadamu hufanyi biashara, hutasumbuliwa. Lakini jirani anayeachwa apite shambani kwako hajapewa hati ya shamba, na ole wake siku atakapoanza kuchimba msingi.

Peters alianza kuchimba mwaka 2014. Alitoa filamu fupi, Prelude to Axanar, ya dakika kama 20, yenye waigizaji wa fani kama Richard Hatch na Tony Todd. Ilipendeza mno hata ukasahau kuwa ni kazi ya mashabiki. Akaomba michango ya filamu ndefu, Axanar, kupitia Kickstarter na Indiegogo, na zaidi ya dola milioni 1 zikaingia. Sehemu ya fedha ikakodi jengo huko California ili ligeuzwe studio. Peters akatangaza kwamba huu ni mwanzo wa zama mpya, ambamo mashabiki watapata kazi wanazozitaka kwa kuzigharimia wenyewe. Kwa kauli hiyo alikuwa amevuka kutoka uchezaji hadi ushindani, tena kwa bidhaa ya anayeshindana naye.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwishoni mwa Desemba 2015, wenye hakimiliki hao, Paramount na CBS, walimfungulia kesi. Mei 2016, mtayarishaji wa filamu za Star Trek J.J. Abrams alisema mbele ya mashabiki kwamba kesi itaondolewa, watu wakashangilia. Haikuondolewa. Januari 2017 Jaji R. Gary Klausner alikataa hoja kwamba Axanar ilikuwa matumizi halali yasiyohitaji ruhusa. Kabla kesi haijasikilizwa na wazee wa baraza, pande mbili zikapatana. Peters alikubali kwamba kazi zake zilivuka mipaka, akaachiwa atengeneze vipande viwili tu, kila kimoja kisizidi dakika 15. Filamu ndefu waliyoichangia mashabiki iliishia hapo.

Wengine nao waliumia. Juni 2016, kesi ikiendelea, wamiliki walitoa masharti kwa mashabiki wote: hadithi isizidi dakika 15, au 30 ikigawanywa sehemu mbili, isiwe na mwendelezo, michango isipite dola 50,000, asishirikishwe mtu aliyewahi kuajiriwa na Star Trek, wala asilipwe yeyote. Kundi la Star Trek Continues, lililokuwa likitoa vipindi virefu kwa nidhamu tangu mwaka 2013, lilikusudia kufikisha vipindi 13, likafunga kazi na cha 11. Aliyepita kiasi ni mmoja, mlango ukafungwa kwa wote.

Wala wamiliki si watakatifu. Kwa zaidi ya miaka 10 waliacha mashabiki waitangaze kazi yao bila malipo, wakavuna umaarufu, wasiandike hata ukurasa mmoja wa mipaka. Masharti waliyoyatoa baada ya kufungua kesi wangeweza kuyatoa mwaka 2004, tena kwa upole zaidi, na huenda michango ile isingekusanywa kabisa. Anayefurahia shangwe za mashabiki ana wajibu wa kuwaambia mapema wakomee wapi.

Kwetu wapo wasimulizi wanaozitia filamu za nje sauti ya Kiswahili, wapo wanaokata vipande vya tamthilia na kuviweka mtandaoni, wapo wanaochekesha kwa nyimbo za wengine. Wengi wao huachwa kwa sababu bado ni wadogo. Akaunti ikianza kuingiza fedha, au mchango ukianza kupitishwa kwenye simu, hapo hesabu hubadilika, na kusema "mbona wote wanafanya" hakutamsaidia mtu mbele ya jaji.

Basi shabiki ajifunze mambo matatu. Omba ruhusa kwa maandishi ungali mdogo, kwa sababu ukishakuwa mkubwa utaonekana mshindani. Usipokee fedha za watu kwa ahadi ambayo mtu mwingine ana uwezo wa kuizuia. Na ukiwa na kipaji cha kukusanya dola milioni, kitumie kwa hadithi uliyoitunga mwenyewe, kwani hiyo hakuna atakayekuja kuidai.