Je, Yafaa Kushinda kwa Jina la Mwingine?

Jambo tunalotaka kulitafakari mwezi huu huenda likaonekana dogo, kwa kuwa latoka katika michezo ya vijana. Walakini mambo makubwa ya roho mara nyingi huingia nyumbani kwa mlango mdogo. Mtu hajifunzi udanganyifu siku ile apewapo fedha za watu azitunze, alikwisha kujifunza zamani, katika jambo ambalo wote walisema, "Si neno."

Sisi twakaa Msamvu, mjini Morogoro, mahali zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Mchana na usiku mabasi huingia na kutoka, na vijana wengi hupata riziki yao stendi kwa kubeba mizigo ya wasafiri na kuuza maji na matunda. Katika shule tunayofundisha kuna kiwanja cha mpira wa kikapu. Sakafu yake ina nyufa, na nguzo moja imeinama kidogo. Hapo ndipo jaribu lilipotukuta.

Kila mwaka shule za sekondari za nchi yetu hushindana katika michezo iitwayo UMISSETA. Kwanza hushindana shule kwa shule. Kisha walio hodari huchaguliwa kuwa timu ya wilaya, na baadaye ya mkoa. Hata mwisho mikoa yote hukutana mahali pamoja, kama ilivyokutana Tabora mwaka 2022. Sheria moja ni wazi kwa wote: mchezaji sharti awe mwanafunzi. Asiye mwanafunzi akiingizwa kwa hila, watu humwita mamluki, yaani askari wa kukodiwa.

Mwaka ule vijana wetu walijitahidi tangu Januari. Walifanya mazoezi jioni baada ya kuchota maji na kufagia, wengine peku. Walishinda michezo mitatu, wakashindwa mmoja, ukabaki mmoja wa kuamua. Wapinzani wao walikuwa warefu, na wetu wafupi. Ndipo mzazi mmoja, mtu mwema apendaye shule, alipotujia jioni, akasema, "Mwalimu, yule kijana mrefu wa pale stendi alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, na mpira anaujua. Mpeni fulana, mpeni na jina la yule mtoto aliye mgonjwa. Nani atajua?"

Twakiri mbele yenu kwamba hatukumkatalia. Tulisema, "Tutaona, mzee." Na mtu asemaye "tutaona" mbele ya jambo baya amekwisha kuuacha mlango wazi nusu. Usiku ule hatukulala vema. Hoja tatu zilitujia, nasi twaziweka hapa ili kila msomaji azipime, kwa maana hoja hizi si za michezo tu.

Hoja ya kwanza ilisema hivi: "Wenzenu nao hufanya. Ninyi mkikataa, mtakuwa wajinga peke yenu." Tukawakumbuka ndugu zetu wa milimani Uluguru, wateremkao na ndizi na mboga. Wakulima wa nchi hii waijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, mkulima akalipwa gunia moja hali ametoa gunia na zaidi. Mnunuzi akiulizwa husema, "Ndiyo desturi, wote hununua hivi." Je, kwa kuwa wote hununua hivi, mkulima haibiwi? La, huibiwa na wote. Dhuluma ikienea haigeuki kuwa haki. Hugeuka kuwa mazoea, na mazoea ni mabaya zaidi, kwa sababu hakuna tena aonaye haya.

Hoja ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Ilisema, "Mhurumieni kijana mwenyewe. Nani ajuaye? Huenda akaonekana na watu, akapata riziki." Tukamkumbuka Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika vijana wote walioteuliwa kuingia ligi kuu ya Marekani, NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Kwa nini tumfungie mwenzake mlango? Lakini tulipoitazama hoja hiyo kwa utulivu, tuliona ndani yake ni tupu. Kijana huyu angecheza kwa jina la mtoto mwingine. Akitia mpira kikapuni, jina litakaloandikwa si lake. Akisifiwa, atasifiwa mtu aliyelala kitandani na homa. Na siku atakapotaka kusema, "Ndimi niliyefanya haya," itampasa kwanza akiri kwamba alidanganya. Huo ni msaada gani, umfanyao mtu atoweke siku ile ile aliyofanya vema?

Hoja ya tatu ilisema, "Hakuna atakayeumia." Hii ndiyo hoja ya giza, maana huzimwa kwa kuwasha taa tu. Ukitazama benchi utamwona mvulana mdogo aliyefanya mazoezi miezi mitano, naye angekaa kitako ili mgeni asimame mahali pake. Ukitazama ng'ambo utawaona vijana wa shule nyingine, ambao jasho lao lingeshindwa, si na jasho la wenzao, bali na karatasi ya uongo. Nao wetu waliobaki wangeujua uongo huo na kuufunga vinywani mwao, kwa amri yetu sisi tunaowafundisha asubuhi amri ya Mungu ya kutoshuhudia uongo. Kwa maana ushindi ni ushuhuda. Hesabu ya alama yasema mbele ya watu, "Vijana hawa wa shule hii wamefanya jambo hili." Ikiwa si wao waliofanya, basi ubao mzima wasema uongo, hata kama kila alama ilihesabiwa sawasawa.

Yafaa pia tujue mchezo huu ulitoka wapi. Uliwekwa na mwalimu mmoja Mkristo, James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyesoma elimu ya dini kabla ya kufundisha michezo. Mwezi wa Desemba mwaka 1891, katika shule ya chama cha vijana Wakristo mjini Springfield, Marekani, alikuwa na wanafunzi 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Michezo waliyoijua ilikuwa ya kukumbana na kuangushana. Naye akafikiri: mtu akikatazwa kukimbia na mpira mkononi, hapana haja ya kumwangusha, na lango likiwekwa juu ya vichwa, mabavu hayatafaa kitu, itambidi kila mmoja arushe kwa ustadi. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13. Hivyo msingi wa mchezo huu ni kumshinda mwenzako pasipo kumdhuru. Aingizaye hila ndani yake avunja zaidi ya sheria moja, aung'oa msingi.

Basi asubuhi tulimwendea yule mzazi, tukamwambia, "Mzee wetu, hatutafanya." Hakukasirika, alinyamaza tu. Vijana wetu wakacheza wenyewe, nao wakashindwa kwa alama nne.

Wasomaji, hapa wengi wangependa tuseme kwamba Mungu alitulipa papo hapo. Hakutulipa hivyo, nasi hatutaki kumsingizia Mungu. Njiani kurudi, mvulana mmoja alituuliza, "Mwalimu, haki imetufaa nini?" Hatukumjibu haraka, kwani ni swali la haki, na mtoto aulizaye hivyo hastahili kupewa methali akanyamazishwa. Baadaye tulimwambia hivi: haki haikutupa ushindi, lakini imetuachia kushindwa kulio kwetu kweli. Sasa twajua kimo chetu. Twajua kwamba mipira ya pembeni ilitushinda, na kwamba pumzi ilikwisha kabla ya wakati. Mtu aliyeshindwa kweli anaweza kujirekebisha. Aliyeshinda kwa uongo hana la kurekebisha, kwa sababu hajui yeye ni nani. Hata Naismith mwenyewe, alipoifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas tangu mwaka 1898 hata 1907, alishinda michezo 55 akashindwa 60. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tena, majuma machache yaliyofuata, wawili katika vijana wetu walichaguliwa kuingia timu ya wilaya. Huko walikuta nani? Wale wale waliowashinda. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, wakapeana mpira mmoja. Tulijiuliza: kama tungalitumia hila, wangaliwatazamaje wenzao usoni? Mpinzani wa leo ni mwenzi wa kesho. Na hivi ndivyo ilivyo vijijini pia, ambako jirani unayegombana naye mpaka wa shamba ndiye atakayekusaidia kubeba jeneza la mama yako.

Limebaki jambo moja, na hili latuuma sisi. Siku moja tulikutana na yule kijana mrefu pale stendi, na mzigo begani. Akatuamkia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akasema kwa upole, "Nilisikia mlinihitaji. Nikangoja, hamkuja." Tukaona aibu. Katika kupima kwetu usiku ule, tulimfikiri kwanza kama ngazi ya kupandia, kisha kama mtego wa kuepukwa. Lakini hatukumwendea kumwuliza yeye ataka nini, wala jina lake hatukulijua. Tuliikataa dhambi moja tukaridhika, kumbe nyingine ilikuwa imekaa karibu yake. Kujiepusha na uovu ni nusu ya haki tu; nusu ya pili ni kumwona mtu.

Tulimwuliza jina lake siku ile. Sasa, Jumamosi ambazo mizigo si mingi, huja kiwanjani kwetu, nje ya mashindano, akawaonyesha wadogo namna ya kurusha mpira ukapita juu ya mikono ya mrefu. Hakuna hesabu iandikwayo siku hizo. Lakini mpira wake uingiapo kikapuni, watoto humshangilia kwa jina lake mwenyewe.

Ndugu msomaji, labda wewe huchezi mpira. Bali je, hakuna mizani dukani pako, au hati ya shamba, au sifa kanisani, isemayo jina lako juu ya kazi ya mwingine? Jipime leo, kungali mapema. Mungu atujalie sote moyo wa kutaka kujulikana kama tulivyo.